Vihusishi vya Kiingereza kwa anayewaza kwa Kiswahili

Mtu akisema "nipo sokoni", "nakwenda sokoni" na "natoka sokoni", neno sokoni halitikisiki. Kitenzi ndicho kinachobeba habari yote. Kwa Kiingereza sentensi hizo tatu zinadai maneno matatu tofauti: "at the market", "to the market", "from the market". Maneno madogo ya aina hiyo ndiyo vihusishi, na ndiyo yanayomwangusha hata mtu aliyesoma Kiingereza tangu darasa la kwanza hadi chuo kikuu. Barua ya kuomba kazi inaweza kuwa na msamiati mzuri na vitenzi vilivyonyooka, halafu "discuss about" moja ikamfanya msomaji akunje uso.

Shuleni tulipewa orodha: "in" ni ndani, "on" ni juu, "at" ni kwenye. Orodha hiyo haifiki mbali. Haisemi kwa nini mtu huwa "good at mathematics", wala kwa nini Jumatatu ina "on" ilhali Julai ina "in". Hapa tutapita njia nyingine. Badala ya kuuliza kihusishi kina maana gani, tutauliza kimefungwa na nani: neno la kulia kwake, neno la kushoto kwake, au kimeshaingia ndani ya neno lenyewe.

Hatua ya 1: Mtafute anayekitawala

Chukua sentensi hii: "She waited for her brother at the bus stop on Friday." Ina vihusishi vitatu. Anza kwa kubadilisha maneno ya kulia. Weka "July" mahali pa "Friday": "on" inageuka kuwa "in". Basi "on" ilikuwa inatawaliwa na siku. Sasa weka chochote mahali pa "her brother", iwe mvua, matokeo ya mtihani au gari la mkaa: "for" haibanduki. Badilisha kitenzi cha kushoto uone. "Listened" inadai "to", "laughed" inadai "at". Kwa hiyo "for" ni mali ya "waited", na huyo kaka hana neno.

Jaribio hilo linachukua sekunde chache, nalo linakuambia kama unapaswa kufikiri au kukumbuka. Kihusishi kinachotawaliwa na kulia kina mantiki unayoweza kuifuata. Kinachotawaliwa na kushoto hujifunzwa pamoja na neno lake, na mabishano hayasaidii.

Hatua ya 2: Upande wa kulia, yaani mahali na wakati

Wapo walimu wanaosema kwamba Kiswahili, kwa kuwa kina -ni moja kwa kila mahali, hakimsaidii mwanafunzi hata kidogo. Sikubaliani nao. Tunazo po, ko na mo. "Yupo nyumbani" na "yumo nyumbani" si kitu kimoja: wa kwanza unaweza kumkuta uani au barazani, wa pili yumo ndani ya kuta. Tumia hisia hiyohiyo. Pale ambapo ungesema po, unataja mahali kama alama ya kukutania tu, chukua "at": "I am at the bank", hata kama uko nje kwenye foleni ya mashine ya kutolea pesa. Pale ambapo ungesema mo, chukua "in": "The money is in the bank." Ko haina mwenzake maalumu, iache.

"On" inahitaji kugusana, si kuwa juu. Mjusi aliyejibandika darini yuko "on the ceiling" ingawa kwa macho yetu yuko chini ya dari. Picha iko "on the wall", pete iko "on her finger", doa liko "on my shirt". Taa inayoning'inia juu ya meza bila kuigusa iko "over the table". Tatizo ni kwamba "juu ya" yetu inabeba yote haya, na zaidi ya hapo inabeba hata mada ya mazungumzo, kama katika "tuliongea juu ya mahari", ambayo kwa Kiingereza ni "about".

Kwenye usafiri, chombo ambacho kwa kawaida abiria anaweza kusimama na kutembea ndani yake huchukua "on": basi, treni, ndege, meli. Daladala na matatu zimo humo, hata kama umeinamisha shingo kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Gari dogo, teksi na bajaji huchukua "in". Bodaboda unaikalia juu, hivyo ni "on". Ukivuka kwenda Kigamboni ukiwa umeketi garini, uko "in the car, on the ferry".

Wakati una mpangilio rahisi zaidi. Mwaka, mwezi na msimu huchukua "in". Siku huchukua "on". Saa huchukua "at". Tanganyika ilipata uhuru "in 1961", "in December", "on 9 December", na bendera ilipandishwa "at midnight". Asubuhi, mchana na jioni ni "in the morning", "in the afternoon", "in the evening", lakini usiku ni "at night". Siku ikitajwa pamoja na sehemu yake, siku inashinda: "on Monday morning". Na ukiona "next", "last", "this" au "every", usiweke kitu: "next Friday", kamwe si "on next Friday".

Kuna mtego mmoja wa wakati ambao unaleta hasara maofisini. Sisi tunasema "leteni fomu hadi Ijumaa" na "ofisi iko wazi hadi Ijumaa" kwa hadi ileile. Kiingereza kinatenganisha. Jambo linaloendelea muda wote mpaka siku hiyo huchukua "until": "The office is open until Friday." Jambo la mara moja ambalo halipaswi kuvuka siku hiyo huchukua "by": "Submit the form by Friday." Ukiandika "submit the form until Friday", umemwambia mtu awe anawasilisha fomu bila kupumzika mpaka siku hiyo ifike.

Hatua ya 3: Ivunje "kwa" kabla ya kuandika

Hakuna neno linalotuponza kama kwa. Tunasafiri kwa basi, "by bus", lakini tunakwenda kwa miguu, "on foot". Tunakata nyama kwa kisu, "with a knife". Tunaandika kwa Kiswahili, "in Swahili". Tunakwenda kwa daktari, "to the doctor". Tunakaa kwa siku mbili, "for two days". Tunapata tano kwa mia, "five per cent". Tunalia kwa furaha, nako huko ni "with joy" au "for joy". Kwa moja, vihusishi saba.

Dawa ni kujiuliza ile kwa ina kazi gani. Ikiwa ni chombo unachokishika mkononi, ni "with". Ikiwa ni njia au aina ya usafiri isiyotajwa ipi hasa, ni "by": "by phone", "by boat". Ukikitaja chombo chenyewe, "by" inaondoka: husemi "by my brother's car" bali "in my brother's car". Ikiwa ni muda, ni "for". Ikiwa ni lugha, ni "in".

Na yetu nayo ina nyuso mbili za kuangalia. "Alikuja na mbwa" ni "with a dog". "Aliumwa na mbwa" ni "by a dog". Kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa, na hiyo ni "by".

Jambo moja dogo kabla ya kuendelea: baada ya kihusishi, kitenzi cha Kiingereza huvaa -ing. "Alifaulu kwa kusoma usiku" ni "he passed by studying at night". Wengi hujikwaa kwenye "to", kwa sababu "to" ina kazi mbili. Katika "I want to see you" ni alama ya kitenzi. Katika "I look forward to seeing you" ni kihusishi halisi, ndiyo maana barua inayomalizika kwa "I look forward to hear from you" ina kosa. Ijaribu kwa nomino: unaweza kusema "I look forward to the meeting", basi hiyo "to" ni kihusishi.

Hatua ya 4: Upande wa kushoto

Hapa kuna makundi mawili yanayokwenda kinyume. Kundi la kwanza ni vitenzi ambavyo kwetu havihitaji kitu, lakini Kiingereza kinadai kihusishi. Nakusubiri: "I am waiting for you". Nisikilize: "listen to me". Anatafuta kazi: "he is looking for a job". Inategemea hali ya hewa: "it depends on the weather". Nieleze: "explain to me", ambayo wengi huiandika "explain me" kwa sababu "tell me" na "show me" zinakubalika. Vitenzi kama "give", "send", "tell", "show" na "buy" hupokea mtu moja kwa moja. "Explain", "describe", "suggest" na "say" havipokei.

Kundi la pili ni vitenzi ambavyo Kiingereza hakitaki kihusishi, nasi tunakipachika. "Discuss about", "request for", "emphasize on", "demand for", "enter into the room", "reach at the station". Mengi ya makosa haya yana mzizi mmoja, na ukiuona hutahitaji orodha ndefu. Mengi ya maneno hayo yana nomino dada ambazo ndizo zenye kihusishi. Ni "a discussion about land", lakini "we discussed land". Ni "a request for leave", lakini "I request leave". "Emphasis on discipline", "emphasize discipline". "A demand for water", "they demanded water". "An attack on the village", "they attacked the village". "A visit to Lamu", "we visited Lamu". "A lack of teachers", "we lack teachers". Nomino inabeba kihusishi, kitenzi kinakitua. Kabla ya kupachika, uliza kama neno lako ni jina au ni tendo.

"Comprise" nayo haitaki "of", ingawa "consist" inaitaka. Na "result into", ambayo imeenea Afrika Mashariki kiasi kwamba utaikuta hata kwenye ripoti za wataalamu, inapaswa kuwa "result in" kwa matokeo na "result from" kwa chanzo. Uzembe "results in accidents", na ajali "result from carelessness".

Vivumishi navyo vina wenzi wao: "good at", "proud of", "responsible for", "interested in", "angry with" kwa mtu. Ameolewa na mwalimu ni "married to a teacher", usidanganywe na ile na. Katika daftari lako usiandike "depend" peke yake. Andika "depend on", kama neno moja lenye nafasi katikati. Kamusi nzuri za wanafunzi hufanya hivyohivyo, huonyesha kihusishi karibu na neno au ndani ya mfano.

Kwa maneno yenye asili ya Kilatini kuna msaada uliojificha mwanzoni mwa neno. Kilatini kiliweka vihusishi vyake mbele ya vitenzi, na Kiingereza kikavirithi vikiwa vimeganda. Ad ilikuwa na maana ya kuelekea, hivyo "adapt", "adhere" na "adjust" hupenda "to". Cum, iliyogeuka kuwa con, com au co, ilimaanisha pamoja na, hivyo "compete", "cooperate", "comply" na "converse" hupenda "with". Ex ilimaanisha kutoka nje, hivyo "exclude", "expel", "exempt" na "extract" hupenda "from". Si sheria ya chuma: "consist of" na "contribute to" zinakataa. Lakini ukiwa katikati ya mtihani bila kamusi, kubahatisha kwa njia hii kunalipa kuliko kurusha shilingi.

Hatua ya 5: Sikiliza -ia na -ea mwishoni mwa kitenzi

Kiswahili kina kihusishi kilichojificha, nacho ni kauli ya kutendea. Nunua, nunulia. Uza, uzia. Hama, hamia. Kimbia, kimbilia. Ile silabi iliyoongezeka ndiyo "for", "to" au "from" ya Kiingereza, kulingana na kitenzi. Amehama Tabora ni "he moved from Tabora". Amehamia Tabora ni "he moved to Tabora".

Uzuri wa kauli hii unaonekana zaidi kwenye matumizi ya vitu. Kalamu ya kuandikia. Kiti cha kukalia. Kikombe cha kunywea chai. Mtu wa kukimbilia. Mwanafunzi akitafsiri haraka huandika "a chair to sit" na "a pen to write", na sentensi inabaki imekatwa mkia. Kiingereza kinataka "a chair to sit on", "a pen to write with", "a cup to drink tea from", "someone to run to". Kihusishi kimekaa mwisho kabisa, mahali palepale ambapo -ia yetu imekaa.

Kumbuka hilo unapokutana na mtu anayedai kwamba sentensi ya Kiingereza haiwezi kuishia na kihusishi. Malalamiko hayo ni ya zamani. Mshairi John Dryden aliyatoa mwaka 1672. Waingereza wenyewe hawakumfuata. "What are you looking at?" na "Who did you come with?" ni Kiingereza safi. Katika barua rasmi unaweza kuandika "the person with whom I spoke", lakini ukilisema hilo gengeni utaonekana unajidai.

Hatua ya 6: Kitenzi na kihusishi vinapozaa maana mpya

"Look" ni kutazama. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look into" ni kuchunguza. Hapa huwezi kujumlisha maana ya neno moja na jingine. "Put off" ni kuahirisha, "give up" ni kukata tamaa au kuacha tabia, "turn down" ni kukataa ombi au kupunguza sauti ya redio.

Jambo la kujua ni mahali pa kuweka kiwakilishi. Kuna vitenzi vinavyotengana: "put off the meeting" au "put the meeting off", na ukitumia kiwakilishi lazima kiingie katikati, "put it off". "Put off it" ni kosa. Vingine havitengani: "look after the child", "look after him". Sikio litakusaidia. Katika vinavyotengana, neno dogo hutamkwa kwa mkazo: put OFF, pick UP. Katika visivyotengana, mkazo unabaki kwenye kitenzi: LOOK after, WAIT for.

Afrika Mashariki tuna mazoea mawili ya kuangalia. Tunaongeza "up" katika "cope up with", pengine kwa kuichanganya na "keep up with". Iliyo sahihi ni "cope with". Na tunapunguza "up" katika "pick me at the airport". "Pick" peke yake ni kuchagua au kuchuma, kwa hiyo mwenyeji wako anaelekezwa akuchume uwanjani kama embe. Sema "pick me up".

Hatua ya 7: Kihusishi ndani ya neno

Kiingereza huchukua vihusishi na kuviunganisha na maneno mengine kuwa neno jipya, na hapa mpangilio ni kila kitu. "Take over" ni kushika madaraka. "Overtake" ni kulipita gari lililo mbele. "Hold up" ni kuchelewesha au kuteka kwa silaha. "Uphold" ni kudumisha, kama mahakama inapothibitisha hukumu. "Look over" ni kupitia kwa haraka. "Overlook" ni kupitiwa na jambo bila kuliona. Usijaribu kugeuza moja upate nyingine.

Ila kwa nomino, kugeuza mara nyingi kunafanya kazi. Kinachoingia ni "income", kinachotokea mwishoni ni "outcome". Ugonjwa "breaks out", nao ni "outbreak". Mtoto "is brought up", na malezi yake ni "upbringing". Mvua "pours down", nayo ni "downpour". Nyingine hubaki na mpangilio wa kitenzi: "breakdown", "takeoff", "breakthrough".

Viambishi vyenye faida kubwa kwa mwandishi ni vitatu. "Over" huleta kupita kiasi: "overload", "overcharge", "oversleep". "Under" huleta upungufu: "underpay", "underestimate", "undercooked". "Out" huleta kumshinda mwingine: "outrun", "outlive", "outnumber". Ukivijua hivi unaweza kuelewa maneno ambayo hujawahi kuyaona. "Understand" na "undertake" usiyavunje. Hayana upungufu wowote ndani yake.

Maneno mengine yanahifadhi maana ya kale. Zamani "with" ilimaanisha dhidi ya, na maana hiyo imebaki katika "withstand", kuhimili, na inanuka kidogo katika "withhold", kuzuia, na "withdraw", lile unaloliona kwenye mashine ya benki unapotoa pesa. Ndiyo sababu pia "fight with" ina utata mpaka leo: "he fought with the British" haituambii kama alikuwa upande wao au aliwapiga. Herufi a katika "asleep", "alive" na "ashore" ni mabaki ya "on". "Because" ni "by" na "cause". "O'clock" ni "of the clock". "Instead" ni "in" na neno la kale lenye maana ya mahali, karibu sawa na mahali pa tunayosema sisi.

Hatua ya 8: Tahajia, mkazo na wingi

Kitenzi huandikwa maneno mawili, nomino huandikwa neno moja au kwa kistari. "Please log in", lakini "your login". "We will set up the hall", lakini "the setup". "Back up your files", lakini "keep a backup". Mkazo unahama vilevile: kitenzi ni back UP, nomino ni BACKup. Ukisita, jaribu kukiweka katika wakati uliopita. "He backed up the files" inawezekana, kwa hiyo ni kitenzi, kitenganishe.

Wingi huingia kwenye nomino, si kwenye kihusishi: mpita njia ni "passer-by", wapita njia ni "passers-by". Mshindi wa pili ni "runner-up", wengi wao "runners-up". Mama mkwe ni "mother-in-law", mama wakwe ni "mothers-in-law". Amiri jeshi mkuu ni "commander-in-chief", na wakikutana wawili ni "commanders-in-chief". Lakini "breakdown" na "takeoff", ambazo ndani yake hamna nomino ya kushika wingi, huchukua s mwishoni: "breakdowns", "takeoffs".